Lishe ya Wazee Tangu Zama za Ibn Sina

Katika Al-Qanun, kitabu cha tiba alichokitimiza takriban mwaka 1025, Ibn Sina aliwatengea wazee mlango wao mahususi, akausia kwamba, kwa kuwa nguvu zao za kumeng'enya chakula zimedhoofika, wapewe kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Maziwa ya mbuzi yakiwaafiki wayanywe, na viungo vyao vikandwe kwa kiasi.

Wasia huo, ambao nauona una hekima na huruma pamoja, haukuwazuia matabibu wengi wa baadaye kuamini kwamba misuli ikishakonda kwa ukongwe haina marejeo, dhana iliyowafungia vitandani watu waliokuwa bado na uwezo.

Mwaka 1990, mjini Boston, Marekani, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwafunza wakongwe 10, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaziacha bakora zao. Mwaka 1994, katika utafiti mwingine wa wazee 100, ikadhihirika kwamba lishe ya ziada pekee, pasipo mazoezi, haikuwarudishia nguvu.