Shanga za Karatasi za Kireka

Vita vya kaskazini mwa Uganda, kuanzia miaka ya 1980 hadi 2006, viliwang'oa Waacholi wengi makwao. Baadhi walikimbilia Kireka, pembezoni mwa Kampala, ambako wanawake walipasua mawe kwa ujira mdogo. Baadaye wengine waligeukia shanga. Karatasi za magazeti na kalenda kuukuu hukatwa pembetatu nyembamba ndefu, huviringishwa kwenye sindano, hutiwa gundi na kupakwa vanishi, kisha hutungwa kuwa mikufu na bangili. Fedha zake zilisaidia kulipa karo na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo, anayezieleza shanga hizi kama kazi ya kupunguza taka tu ameacha nusu ya historia. Waliozitunga walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe.