Mkuu wa Mkoa wa Pwani: Cheo cha Uteuzi Kisicho na Muhula

Mkuu wa Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, ambaye ofisi yake iko Kibaha, hapigiwi kura wala hawekewi idadi ya miaka ya kukaa madarakani. Rais humteua na kumwapisha, naye hudumu mpaka Rais amhamishe au atengue uteuzi wake. Kwa hiyo suala la kugombea tena, ambalo katika kaunti za Kenya huamua hatima ya magavana, Pwani halina nafasi. Chanzo cha hali hiyo ni historia ya cheo chenyewe.

Wakati wa ukoloni, gavana alikuwa mtawala wa nchi nzima, aliyeletwa kwanza kutoka Berlin na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kutoka London. Chini ya Waingereza walikuwapo wakuu wa majimbo, na chini yao mabwana shauri wa wilaya. Kisarawe, wilaya ya Mkoa wa Pwani wa leo, ilikuwa katika Jimbo la Mashariki pamoja na Bagamoyo, Rufiji na Morogoro. Maofisa hao walipangiwa vituo na kuhamishwa kwa amri ya serikali, na hesabu ya kazi yao waliitoa kwa waliowatuma.

Uhuru uliwabadilisha watu kuliko ulivyobadilisha utaratibu. Mwaka 1962 nafasi za wakuu wa majimbo zilichukuliwa na wakuu wa mikoa, ambao walikuwa wanasiasa walioteuliwa. Mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa chama tawala, TANU, katika mkoa wake, na Katiba ya 1965 ilimpa ubunge kwa wadhifa wake. Serikali changa ilihitaji mtu wa kuisemea na kuisimamia mikoani. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zenye madiwani wa kuchaguliwa zilivunjwa, na uzito wote ukahamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Sheria za kuzirudisha halmashauri zilipitishwa mwaka 1982. Katika miaka ya 1970 Dar es Salaam ilitengwa na Pwani ikawa mkoa unaojitegemea, na Kibaha ikaja kuwa makao makuu ya Pwani.

Ibara ya 61 ya Katiba ya 1977 inaagiza kila mkoa uwe na mkuu wake. Wa Tanzania Bara huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Wa Zanzibar huteuliwa na Rais wa Zanzibar baada ya kushauriana na Rais wa Muungano. Marekebisho ya mwaka 1984 yalimwekea Rais ukomo wa vipindi viwili, lakini mkuu wa mkoa hakuwa na kipindi cha kuwekewa ukomo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliunda sekretarieti ya mkoa inayoongozwa na katibu tawala, na ikampa mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48.

Mabadiliko ya watu hufuata orodha ya uteuzi, ambayo mitaani huitwa mkeka. Mei 2021, miezi miwili baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka, Abubakar Kunenge alitolewa Dar es Salaam akapelekwa Pwani kushika nafasi ya Evarist Ndikilo. Ngazi ya wilaya nayo ni hivyo hivyo: Jokate Mwegelo aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2018, na mwaka 2021 akahamishiwa Temeke.

Kenya nayo ilitawaliwa hivyo kupitia wakuu wa mikoa mpaka Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47. Ibara ya 180 inaagiza gavana achaguliwe moja kwa moja na wananchi na asishike wadhifa huo zaidi ya vipindi viwili. Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013. Hassan Joho wa Mombasa, Amason Kingi wa Kilifi na Salim Mvurya wa Kwale walimaliza vipindi vyao viwili mwaka 2022. Huko Lamu, Issa Timamy alishinda mwaka 2013, akashindwa na Fahim Twaha mwaka 2017, akarudi mwaka 2022; vipindi vyake havikufuatana, lakini vyote viwili vinahesabiwa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Katiba ya 2006 inawaachia wabunge wa mkoa kumchagua gavana kwa miaka mitano, naye anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu.

Katika Kibaha na Kisarawe, wanaochaguliwa ni wabunge, madiwani, na wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji. Wote hukaa miaka mitano na wanaweza kurudi kila wanaposhinda. Asiyeridhika na diwani wake husubiri uchaguzi amnyime kura. Asiyeridhika na mkuu wa mkoa anaweza kulalamika kwa mbunge wake au kwa chama, lakini kura pekee inayogusa cheo hicho ni ile ya kumchagua Rais.