Baruti ya moshi katika mwambao wa Nyasa

Gobore halisubiri kiwanda cha risasi. Mwenye nalo humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia kitambaa, hushindilia kwa mdeki, hutia risasi au vipande vya chuma, kisha hushindilia tena. Kila mlio ameutengeneza mwenyewe. Baruti ikipungua, risasi huanguka njiani. Ikizidi, mtutu hupasuka na jicho huenda.

Baruti hiyo ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa 15 na kiberiti 10. Ya punje ndogo huwaka haraka, ya punje kubwa huwaka polepole, na iliyovuta unyevu haiwaki kabisa. Mwindaji mjuzi angepaswa kuchagua. Lakini Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, nani alikuwa na nafasi ya kuchagua? Vyungu vya akina mama wa huko vilisafiri kwa mitumbwi kwenda kubadilishwa kwa chakula. Baruti ilifika ziwani na misafara ya pembe kutoka pwani, ikiwa imepita mikono mingi.

Mwaka 1887 baruti hiyo ilinguruma ng'ambo ya Mto Songwe. Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliwashambulia Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa, kisha akaizingira Karonga, palipokuwa na kituo cha Kampuni ya African Lakes. Juni 1888 Mwingereza Lugard, yule ambaye baadaye angeitawala Nijeria, alijaribu kuparamia boma la mshirika wa Mlozi aitwaye Kopakopa. Alipigwa risasi mikononi akarudi akivuja damu. Mlozi alidumu hadi Desemba 1895, Waingereza walipomnyonga.

Ulaya nako mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kuliko ile ya kale. Ole wake atakayeishindilia hiyo kwenye gobore kwa kipimo cha zamani! Julai 2, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta. Mwafrika aliachiwa gobore la gumegume na baruti ya kawaida ya biashara, nazo zitoke ghala la serikali kwa kibali. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Sikatai, lakini mkataba huohuo uliwahakikishia watawala wapya kuwa na bunduki bora kuliko mtawaliwa yeyote.

Baada ya hapo wamisionari wa Berlin walijenga Ikombe, na Wajerumani wakaweka bohari na boma lao la Langenburg kwenye mwambao uleule, kabla ya kuhamia Tukuyu.

Kichekesho kilikuja mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani, askari Waafrika, zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi. Risasi moja tu, na wingu jeupe linamwonyesha adui ulipojificha. Serikali iliyowanyima wananchi baruti mpya ilikuwa imewanyima hata watumishi wake.

Askari walijichagulia wenyewe, vitani. Tanga, Novemba 1914, waliokota bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu na risasi 600,000 zilizoachwa na Waingereza. Wakaendelea hivyo miaka minne. Oktoba 1918 kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliwapitisha kaskazini ya Ziwa Nyasa, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini. Waliposalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, walikabidhi bunduki 1,071, za Kiingereza na Kireno.