Abiria Asiye na Kaburi: Habari za Meli Khedive Ismail, 1944

Katika habari za vita vya baharini, jina la meli hukumbukwa, na jina la manowari, na pengine jina la nahodha. Bali abiria hutajwa kwa hesabu tu. Hapa twataka kumwangalia abiria mmoja wa kawaida, yaani askari Mwafrika wa mizinga, aliyepanda meli Khedive Ismail katika bandari ya Mombasa mwezi wa Februari 1944, wala hakurudi. Hatumtaji kwa jina. Twamweleza kwa mambo yaliyowapata wenziwe wote.

Meli hiyo iliundwa Scotland mwaka 1922, ikaitwa Aconcagua, ikafanya kazi ya kampuni ya Chile. Mwaka 1935 iliuzwa Misri, ndipo ikapewa jina jipya. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Waingereza waliitwaa kuchukulia majeshi. Katika safari yake ya mwisho ilichukua watu 1,511, na katika hao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikwenda Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kulikokuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana baadaye Burma.

Askari wa namna hii kwa kawaida alitoka kwenye shamba au kwenye ng'ombe. Jeshini alikutana na watu wa lugha nyingi, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili: kwa hicho aliamriwa, na kwa hicho alizungumza na jirani yake wa kabila jingine. Sehemu ya mshahara wake iliweza kupelekwa nyumbani. Asiyejua kuandika alimwomba mwenziwe amwandikie barua, na huko kijijini mara nyingi aliyewasomea wazee barua hiyo alikuwa mwalimu wa shule. Basi habari hii yatuhusu sisi walimu.

Meli tano za abiria zilisafiri pamoja, zikilindwa na manowari. Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Haikupata hata dakika tatu juu ya maji. Nyambizi ilijificha chini, na manowari Petard ikatupa mabomu ya kulipukia majini mahali palepale walipokuwa wakielea waliosalimika, kwa maana meli nyingine nne zilikuwa hatarini. Alasiri hiyo nyambizi nayo ilizamishwa. Walikufa watu 1,297, na miongoni mwao wanawake 77, wengi wao wauguzi. Waliookoka ni 214.

Huo ndio mwisho wa habari kwa mwandishi wa vita. Nyumbani kwa marehemu ndio kwanza mambo yaanza. Kifo bila maiti ni jambo zito katika desturi zetu, kwa kuwa mambo ya mjane, na ya watoto, na ya mali, husubiri mazishi. Waislamu wa pwani huweza kumsalia maiti aliye mbali, sala ya ghaibu, kisha wakasoma hitima. Wajaluo huchukua tunda la yago, mti uitwao mwegea kwa Kiswahili, tunda refu na zito, wakalizika kaburini badala ya mtu asiyeonekana, kwa taratibu zilezile za maziko. Mgeni akiona huweza kudhani ni mchezo, kumbe sivyo. Kwa tendo hilo aliyepotea hurudishwa katika ukoo wake, na walio hai hupata ruhusa ya kuendelea.

Serikali nayo ilifanya jambo la jinsi hiyo. Katika makaburi ya vita ya Nairobi pana ukumbusho wa askari wasio na kaburi, na askari wa kikosi hiki wamo. Jiwe na tunda vyatoa ushuhuda mmoja, kwamba mtu huyu alikuwa wa watu fulani, na kwao amekwisha kuliliwa.

Lakini jiwe halisemi mtu alioa wapi, wala alilima nini. Hayo yamo vinywani mwa wazee na watoto wa marehemu, nao wanapungua kila mwaka. Yafaa kila mwalimu aulize katika mtaa wake ni nani walikwenda vitani wasirudi, na waliomboleziwa kwa desturi gani, kisha aandike. Hesabu ya 1,297 imekwisha kuandikwa. Maisha yao bado.