Mwanahistoria katika Taasisi ya Serikali: Jan Vansina, IRSAC na Masimulizi ya Maniema ya Kusini

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi sera ya serikali kuhusu sayansi inavyoamua ni maarifa gani yahesabiwe kuwa elimu. Mfano wetu ni Jan Vansina, aliyezaliwa Antwerp mwaka 1929 na kufariki mwaka 2017.

Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda IRSAC, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati. Makao yake yalikuwa Lwiro, Kivu, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwamo Uvira na Astrida. Ndani yake walifanya kazi wataalamu wa matetemeko ya ardhi, viumbe, lugha na mila. Ama historia, wengi wa wakati ule waliamini kwamba watu wasio na maandishi hawanayo. Ndiyo sababu Vansina, msomi wa historia ya Zama za Kati kutoka Leuven, aliajiriwa mwaka 1952 kwa kazi ya mwanaanthropolojia, akapelekwa kwa Wakuba wa Kasai.

Huko alitambua kwamba masimulizi ya wazee yaweza kupimwa kama hati zinavyopimwa: nani asema, alipokea kwa nani, kwa faida ya nani, na matoleo yake yanalinganaje. Hoja hiyo aliitetea katika tasnifu yake ya mwaka 1957, kisha katika kitabu De la tradition orale (1961). Kati ya 1957 na 1960, akiwa Astrida, alisimamia ukusanyaji wa masimulizi ya Rwanda na Burundi. Mwaka 1981 juzuu ya kwanza ya historia ya Afrika iliyotolewa na UNESCO ilikuwa na sura yake nzima juu ya mapokeo simulizi. Elimu iliyokosa kiti Lwiro sasa ilikuwa na kiti cha heshima duniani.

Je, Kasongo na Kabambare zilipata nini? Habari za Kasongo ya karne ya 19 twazipata hasa kwa Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, na kwa maofisa wa Dola Huru la Kongo walioiteka Kasongo mwaka 1893. Lugha ya Kibangubangu ya Kabambare ilipata muhtasari wa sarufi wa A. E. Meeussen, uliochapwa Tervuren mwaka 1954. Basi mfanyabiashara aliandika, mshindi aliandika, na sarufi ikahifadhiwa. Waliotekwa na waliohamishwa hawakupata mwandishi wa namna hiyo.

Aidha, baada ya uhuru Lwiro ikawa Kituo cha Utafiti katika Sayansi za Asili. Jina hilo lenyewe halitaji historia.

Kwa kumalizia, vita vya 1964 na vile vya 1996 hadi 2003 vilipita Maniema, na wazee wanazidi kupungua. Maswali manne ya Vansina hayahitaji maabara. Yanahitaji mwanafunzi anayejua lugha ya mzee, na serikali inayokubali kwamba kumsikiliza mzee huyo ni kazi ya sayansi.