Upambanuzi wa Lenzi, Si Azimio

Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa omena huonekana mbali ziwani ukiwa Usenge. Taa mbili zilizokaribiana huonekana kama moja mpaka mashua zisogee ufukweni. Jicho zima hutenganisha taa zilizoachana mita 3 zikiwa umbali wa kilomita 10 hivi. Mbali zaidi ya hapo, mbili huwa moja. Uwezo huo wa kukiona cha kwanza na cha pili kila kimoja peke yake ndio ninaouita upambanuzi.

Kwa uwezo huo, tafsiri za haraka hutuletea neno "azimio". Kwa mkazi wa Kisumu, Azimio ni muungano uliomsimamisha Raila Odinga katika uchaguzi wa 2022. Kwa Mtanzania ni Azimio la Arusha, 1967. Lenzi haiazimii lolote. Inapambanua, na kitenzi hicho tumekuwa nacho siku zote.

Ukanda wa ziwa unakihitaji kuliko unavyodhaniwa. Malaria haijaondoka huku, na taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo chake Kisian, nje kidogo ya Kisumu. Katika maabara za malaria, tone la damu hupakwa kwenye kioo, likatiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa lenzi ya mara 100. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi. Ndani yake kimelea kichanga cha malaria ya falsiparumu huonekana kama pete nyembamba, mara nyingi yenye nukta mbili. Nukta hizo zikiungana, mpimaji amepoteza dalili moja ya kumtambua adui. Wala kukuza picha zaidi hakumsaidii, kwa kuwa ukungu ukikuzwa huzaa ukungu mkubwa.

Sababu iko kwenye mwanga wenyewe. Mwanga ukipita penye umbo dogo hutawanyika, na kadiri umbo lilivyo dogo ndivyo miale inavyotanuka pembeni. Lenzi huunda taswira kwa kuikusanya miale hiyo na kuikutanisha tena upande wa pili. Ile iliyotanuka kupita ukingo wa lenzi haikusanywi, na ndiyo iliyobeba maelezo madogo kabisa. Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1873: pengo dogo linaloweza kupambanuliwa ni urefu wa wimbi la mwanga uliogawanywa kwa mara mbili ya namba inayopima upana wa miale ambayo lenzi inaipokea. Namba hiyo naiita upokezi. Kwenye hewa haiwezi kuvuka 1. Ndiyo maana mpimaji hudondosha mafuta kati ya kioo na lenzi: upokezi hupanda hadi 1.25, na kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, pengo hushuka hadi nanomita 220.

Kanuni hiyohiyo inatawala mashine zinazochapa chipu za simu. Humo mwanga hupita kwenye kiolezo cha sakiti, kisha lenzi huipunguza taswira mara 4 na kuitua juu ya utando unaohisi mwanga, uliopakwa kwenye kisahani cha silikoni. Mwanga wake ni wa nanomita 193, usioonekana kwa macho. Badala ya mafuta huwekwa maji safi, na upokezi hufika 1.35. Piga hesabu ya Abbe: kutoka mstari hadi mstari ni nanomita 71 hivi. Abbe alifanya kazi na Carl Zeiss, na kampuni yenye jina hilo ndiyo inayotengeneza lenzi za mashine za ASML ya Uholanzi.

Waliotaka mistari myembamba zaidi walilazimika kubadili mwanga. Ule wa nanomita 13.5 humezwa na kioo na hewa pia, kwa hiyo lenzi zimeondolewa, vikawekwa vioo vya kuakisi ndani ya ombwe. Upokezi wa nyingi ya mashine hizo ni 0.33 tu, lakini wimbi fupi hufidia.

Wahariri wa vitabu vya sayansi na watafsiri wa simu, mkikutana na "azimio la picha" kwenye mswada, lifuteni. Andikeni upambanuzi.