Bangili ya Kamba: Urithi wa Mabaharia wa New England

Katika miji ya bandari ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuna desturi ya kuvaa mkononi bangili nyeupe ya kamba ya pamba, iliyosukwa kwa fundo moja lisiloonyesha mwanzo wala mwisho, na aghalabu bangili hiyo hutolewa kuwa zawadi. Ingawa leo huhesabiwa kuwa pambo la msimu wa kiangazi, asili yake ni kazi ya merikebu za matanga, na historia yake inadhihirisha jinsi ujuzi uliozaliwa na haja ya kazi unavyoweza kuhifadhiwa na pambo baada ya kazi yenyewe kutoweka.

Merikebu ya matanga ilitegemea kamba kwa karibu kila jambo, kwa kuwa ndizo zilizoshikilia milingoti, zikapandisha matanga na kuyageuza kuufuata upepo. Haja hiyo ilizaa viwanda vikubwa, kikiwemo kile cha Plymouth kilichoanzishwa mwaka 1824, pamoja na karakana ya jeshi la wanamaji huko Charlestown, karibu na Boston, ambayo jengo lake la kusokotea kamba lilikuwa na urefu wa takribani mita 400, kwa sababu nyuzi zilipaswa kunyooshwa kwanza ndipo zisokotwe pamoja. Malighafi ilikuwa katani ya Urusi, isiyotokana na mkonge, na baadaye nyuzi za abaka, mmea wa Ufilipino ulio wa jamii ya mgomba. Baharia asiyejua kufunga, kuunga na kusuka kamba hakuhesabiwa kuwa baharia kamili, kwani fundo lililolegea wakati wa dhoruba liliweza kugharimu maisha ya watu.

Ufundi wa kusuka kwa ajili ya urembo ulistawi hasa katika merikebu za kuwinda nyangumi zilizotoka New Bedford, na sababu yake ilikuwa mpangilio wa kazi yenyewe. Kila mashua ya kuwindia ilihitaji watu sita, na merikebu moja ilibeba mashua kadhaa, hivyo mabaharia walikuwa wengi kuliko waliohitajika kuiendesha merikebu; na kwa kuwa safari iliweza kuchukua miaka mitatu au minne, ziliwapitia siku nyingi bila kuonekana nyangumi hata mmoja. Katika muda huo walichonga meno na mifupa ya nyangumi, wakasuka vishikio vya masanduku yao na kamba za kengele, na kuwatengenezea jamaa zao vitu vidogo vya kuwapelekea. Malipo yao yalikuwa fungu la faida ya safari, ambalo mara nyingi lilikuwa dogo, na kwa hiyo zawadi iliyotokana na mikono yao na mabaki ya kamba ilikuwa ndani ya uwezo wao.

Fundo linalotumika katika bangili hiyo mabaharia waliliita kichwa cha Mturuki, kwa kuwa umbo lake linafanana na kilemba. Melini lilikuwa na kazi maalumu: lilifungwa kwenye mkono mmoja wa gurudumu la usukani, ule uliokuwa juu usukani ulipokuwa umenyooka, ili mshika usukani autambue kwa kupapasa hata katika giza la usiku. Ugwe mmoja huzungushwa, ukapita juu na chini ya mizunguko yake kwa zamu, kisha hufuatishwa njia ile ile mara mbili au tatu hadi msuko ujae. Idadi ya njia zinazopita upande kwa upande na idadi ya mapinda ya ukingoni hazipaswi kuwa na kigawo cha pamoja zaidi ya moja. Njia 3 na mapinda 5 hukubali, lakini njia 3 na mapinda 6 haziwezi kukamilishwa kwa ugwe mmoja. Pamba, ambayo viwanda vya New England viliifuma pia kuwa vitambaa vilivyojulikana pwani ya Afrika Mashariki kwa jina la merikani, hufaa kwa bangili kwa sababu hunywea inapolowa, ikakaa barabara mkononi.

Mafuta ya petroli, yaliyoanza kuchimbwa Pennsylvania mwaka 1859, yalipunguza thamani ya mafuta ya nyangumi, na meli za mvuke zikayaondoa matanga. Clifford Ashley, mchoraji aliyezaliwa New Bedford mwaka 1881 na kusafiri katika merikebu ya kuwinda nyangumi mwaka 1904, alitambua kwamba ujuzi wa mafundo ungezikwa pamoja na mabaharia wazee waliobaki, akatumia miaka 11 kuandaa kitabu chenye vipengele zaidi ya 3,800 kuhusu mafundo, kilichotoka mwaka 1944.

Kitabu, hata hivyo, huhifadhi maelezo, ilhali ujuzi wa mikono huishi kwa kutendwa. Kwa sababu hiyo bangili ya kamba ina heshima inayozidi bei yake: kila anayeisuka kwa ajili ya mwenziwe hurudia hatua zile zile alizozipitia baharia wa karne ya 19, na mpokeaji anayeomba kufundishwa huwa amepokea sehemu ya zawadi iliyo kubwa kuliko pambo, yaani ufundi ambao yeye pia ataweza kuurithisha.